Jina la Kienyeji

Lilikuja Julai, ndani ya bahasha ya kaki,
limebanwa katikati ya kurasa za gazeti la kigeni
lenye matangazo ya mbao na matrekta.
Kwanza tuliliweka kwenye friza siku saba,
ndiyo kanuni, wadudu wafe.
Nikacheka peke yangu:
mgeni ametoka kwenye barafu,
na sisi huku Ngaramtoni tunamkaribisha kwa barafu.

Siku ya nane nikalilaza mezani.
Majani matatu kwenye kila kikonyo.
Nikasema, hili ni haragwe.
Eliaichi akavaa miwani, akasema siyo,
soma lebo.
Lebo inasema: kinamasi. Maji baridi, hadi magotini.
Maua meupe, kingo zenye nywele.
Kando ya ziwa ambalo jina lake
ulimi wangu uliligonga mara mbili ukaliacha.

Meupe hayakuwa meupe tena.
Yalikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa dirishani.
Lakini zile nywele zilikuwepo, nyuzi nyuzi,
kama ukingo wa kitambaa cha kochi
alichofuma mama mwaka ule alipougua,
upande mmoja hakuumaliza.

Mzizi mnene, una uwazi ndani.
Ndio unaoelea, Eliaichi akaniambia,
unatambaa juu ya maji, unafumana na wenzake,
mpaka ziwa linasahau kwamba lilikuwa ziwa.
Nje ukungu ulikuwa umefuta Meru yote,
toka kilele hadi mibuni ya jirani.
Nilivaa masweta mawili na soksi za mwanangu.
Baridi ninayoilalamikia hivi,
kwa huyu ni kiangazi.

Gundi. Brashi.
Uzi mweupe pale kikonyo kinapokaidi.
Miaka kumi na tisa nashona mimea kwenye karatasi,
mingi sijawahi kuiona imesimama.
Chini ya kila moja kuna mistari ya kujaza:
ukoo, mahali, mwinuko, mkusanyaji.
Na mstari mmoja, jina la kienyeji.
Aliyelichuma aliandika hapo neno fupi la kwao,
na pembeni, kwa penseli,
chungu, dawa ya tumbo.

Chungu.
Hapo ndipo nilipomsikia bibi Ndeshi wa Kibosho,
ambaye hakuliamini jani lolote kwa kulitazama.
"Macho," alikuwa akisema,
"yanakula kila kitu na hayashibi."
Yeye alimega, akaweka ulimini, akafumba macho,
akakaa hivyo mpaka kuku wakamzoea.
Ndipo alipolitaja.

Hapa kazini kuonja ni mwiko.
Mimea ya zamani mingine ilipakwa sumu.
Eliaichi alikuwa amekwenda kuchemsha maji,
nilisikia sufuria.
Nikamega kipande kidogo kuliko ukucha wa kichanga.

Lilichumwa miaka thelathini na minne iliyopita.
Limekaushwa, limebanwa, limegandishwa,
limevuka bahari kwa posta, likakaa forodhani wiki tatu,
na bado ni chungu.
Uchungu ulionyooka, usiotafuta maneno,
kama bibi anapokufungulia mlango
umechelewa kurudi, na hakuulizi ulikuwa wapi.
Mate yakanijaa. Machozi pia, kidogo,
nasingizia ukungu.

Kila karatasi hubandikwa bahasha ndogo
ya kutunzia vilivyodondoka.
Nikatia humo jani lililopasuka, na vumbi lake.
Kwenye mstari wa jina sina ruhusa ya kuongeza kitu.
Sikuongeza.
Nililitamka tu, lile nililodhani bibi angelipa,
taratibu, mdomo karibu na karatasi,
kisha nikafuta meza.

Eliaichi akarudi na vikombe viwili.
Mbona kimya, akauliza.
Sukari, nikasema.
Ongeza sukari.